Kukazia hukumu ya matunzo mzazi mwenzio akigoma kulipa (tulivyofanya huku Newala)

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Naandika hii baada ya kuzunguka na dada mmoja wa upande wa Kitangari karibu msimu mzima wa korosho. Talaka anayo, matunzo ya watoto yameamriwa, mwanaume halipi, na kila mtu anamwambia "mfunge tu". Haiko kirahisi hivo. Hapa naongelea mahakama ya wilaya.

1. Chukua nakala ya hukumu na tuzo (ile amri rasmi ya mahakama inayotokana na hukumu) zenye muhuri.

2. Piga hesabu ya deni mwezi kwa mwezi kwenye daftari, hata kama alileta elfu kumi iandike, maana atakuja nayo. Meseji za miamala usifute. Kama tuzo inasema tu "atatunza watoto" bila kutaja kiasi, rudi kwanza mahakamani kitajwe, vinginevyo hakuna cha kukazia.

3. Jaza maombi ya kukazia hukumu na useme unataka njia gani: mshahara, mali, au kifungo. Mwenye ajira mimi naanza na mshahara, sina mjadala.

4. Siku ya kujieleza. Hapa ndo palitutoa jasho. Ukiomba kifungo mdaiwa anaitwa kwanza aeleze kwa nini asifungwe, na mtu hafungwi kwa umaskini, anafungwa anayeweza kulipa ila hataki, au anayeficha mali. Sasa mara ya kwanza tulienda mikono mitupu, jamaa kaja na kandambili zimeshikizwa waya, anaongea taratiiibu hadi mimi mwenyewe nikamwonea huruma, tukarudi nauli imeisha na hatujapata kitu. Jioni tunamkuta stendi yuko juu ya pikipiki mpya.

Kwahiyo nenda na ushahidi, na uangalie majira. Huku kwetu hela ya mkulima inaonekana minada ikianza, kuanzia Oktoba hivi, korosho zinapita AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na malipo yanaingia benki. Ukienda Mei ukasema ana hela atakuuliza iko wapi na hutakuwa na jibu. Alafu usimbembeleze katibu wa AMCOS akupe karatasi kimya kimya, utamponza na wewe haitakusaidia, omba mahakama imwite aje na daftari lake. Pikipiki nayo iandike namba.

5. Posho. Hii watu wengi hawaambiwi: mfungwa wa madai chakula chake unalipia wewe unayedai, kwa kiwango cha mahakama, ukiacha kulipa anatoka. Mwisho miezi 6. Akitoka deni liko palepale ila kwa tuzo ileile humfungi tena, ndo maana mimi kifungo nakiweka mwisho kabisa.

Dada yetu hakufika huko. Katibu alivyofungua daftari kwenye ukurasa wa kilo 640, jamaa akaomba tuongee nje kidogo. Alianza na laki nne, iliyobaki analipa kila mnada.