Jinsi ya kufuata msimu wa Big Ten ukiwa Kisumu: anza na ratiba, jedwali utaliangalia baadaye

Huku kwetu ragbi tunaijua, soka ndio usiseme, lakini ukitaja futiboli ya vyuo vya Marekani wengi wanaona ni watu wamevaa helmeti wakigongana tu. Mimi nilivutwa na binamu yangu aliyepata skolashipu ya kukimbia kule, Jumamosi moja akanipigia video koo akiwa uwanjani na nikaona umati ambao sijawahi kuona kwa mechi yoyote ile, watu zaidi ya laki moja, na wanaocheza ni wanafunzi. Tangu siku hiyo nafuata konferensi ya Big Ten msimu mzima kutoka hapa Kondele, na kwa sababu watu kadhaa wameniuliza huwa nafanyaje, wacha niandike yote mara moja.

Kwanza elewa konferensi ni nini. Ni vyuo vimeungana kucheza vyenyewe kwa vyenyewe na kutoa bingwa wao, halafu bora kati yao wanaenda kukutana na wa konferensi zingine. Big Ten ilianza mwaka wa 1896 na jina lisikuchanganye, leo ina timu 18, kwa sababu mwaka wa 2024 waliingia Oregon, Washington, USC na UCLA kutoka upande wa Pasifiki. Oregon ndio chuo alichosomea Edward Cheserek, kijana wetu wa Bonde la Ufa aliyechukua mataji 17 ya NCAA, shirika la michezo ya vyuo vya Marekani, kwa mbio, kwa hivyo ukitafuta timu ya kushabikia na huna sababu yoyote, hiyo ni sababu tosha.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupotea. Ligi yetu ya soka ya FKF pia ina timu 18, na kila timu inacheza mechi 34, inakutana na kila mtu nyumbani na ugenini, kwa hivyo mwisho wa msimu jedwali halidanganyi. Big Ten kila timu inacheza mechi 12 pekee kabla ya fainali, na kati ya hizo ni 9 tu ndizo za konferensi. Yaani una wapinzani 17 na unakutana na 9, wale wengine 8 hamwonani kabisa mwaka huo. Timu inaweza kuwa juu kwa jedwali kwa sababu ni kali, au kwa sababu ilipewa wanyonge, na jedwali haliwezi kukuambia ni ipi. Ratiba ndio inakuambia.

Kwa hivyo mwezi wa nane, kabla mpira haujaanza, nunua daftari la mraba, lile la hesabu. Chora mistari 18, mstari mmoja kwa kila timu, halafu visanduku 9 kwa kila mstari, jaza wapinzani kwa mpangilio wa tarehe. Mimi natumia kalamu ya bluu kwa mechi za nyumbani na nyekundu kwa za ugenini, na timu ngumu naizungushia duara. Inachukua kama masaa mawili na chai moja lakini ukimaliza unaanza kuona vitu ambavyo hata watangazaji hawavitaji, kwa mfano timu ina nyekundu tatu zimefuatana zote zimezungushiwa duara, hapo unajua mwezi wa kumi utakuwa mchungu kwao hata kama mwezi wa tisa wanashinda kila kitu. Angalia pia umbali. UCLA iko Los Angeles na Rutgers iko New Jersey, karibu kilomita 3,900, hiyo ni mbali kuliko Kisumu hadi Johannesburg, na ni timu za konferensi moja! Timu ya upande wa Pasifiki ikivuka nchi yote halafu icheze saa sita mchana ya mashariki, mwili wao unadhani ni saa tatu asubuhi.

Mfano mzuri ni msimu wa 2025. Indiana, timu ambayo mwaka wa 2023 ilishinda mechi 3 ikapoteza 9, ilikuwa na safari ya kwenda Oregon mwezi wa kumi. Kwa daftari langu hiyo ilikuwa nyekundu yenye duara mbili. Wakashinda 30 kwa 20. Hapo ndipo nilijua hawa si wa kubahatisha, ingawa jedwali lilikuwa linasema hivyo hivyo kwa timu zingine ambazo hazikuwa zimetembea kokote.

Masaa. Hii isome polepole. Kuanzia mwanzo wa msimu sisi tuko mbele ya saa za mashariki ya Marekani kwa masaa 7. Mechi ya saa sita mchana kwao ni saa moja jioni kwetu, ile ya saa tisa na nusu alasiri ni saa nne na nusu usiku, na ile ya saa moja na nusu jioni yao inakuwa saa nane na nusu usiku wa manane kwetu. Lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja wao hurudisha saa nyuma, na tofauti inakuwa masaa 8. Mwaka wa 2025 saa zilirudi tarehe 2 Novemba. Jumamosi iliyofuata, tarehe 8, Indiana walikuwa ugenini kwa Penn State, mechi ya saa sita mchana, nami nikanunua bando ya masaa matatu saa moja jioni kama kawaida yangu. Mechi ikaanza saa mbili. Saa nne bando ikaisha katikati ya mchezo, M-Pesa haikuwa na kitu na duka la pale chini lilikuwa limefungwa. Zikiwa zimebaki sekunde 36, Omar Cooper Jr. akaruka nyuma kabisa ya eneo la mwisho, pale pa kufungia pointi, akashika mpira na akagusisha ncha ya kidole cha mguu ndani ya mstari kabla hajaanguka nje, Indiana wakashinda 27 kwa 24. Niliiona kesho yake. Kwa hivyo andika kwa jalada la daftari kwa maandishi makubwa: NOVEMBA ONGEZA SAA MOJA.

Na hiyo mechi ya saa sita mchana yao ni zawadi kwa mtu wa Kenya. Big Ten huonyeshwa na televisheni za Marekani za FOX, CBS na NBC, na FOX hupenda kuweka mechi yao kubwa saa hiyo hiyo, kwa hivyo unaitazama ukila, unalala kabla ya usiku mkuu. Zile za usiku wa manane chagua chache tu, labda nne msimu mzima, la sivyo utachoka kufikia mwezi wa kumi. Bando ikiwa shida, tafuta redio za vyuo vyenyewe kwa simu, sauti haili data kama video na watangazaji wake wana mapenzi na timu yao, unasikia kabisa mtu roho inamtoka. Hailaiti utaziona asubuhi.

Kuhusu mchezo wenyewe, kama umewahi kwenda Dala Sevens hapa Kisumu au Prinsloo kule Nakuru uko nusu ya njia. Timu inapewa majaribio manne, yanaitwa dauni, kusogeza mpira yadi 10, wakifaulu wanaanza upya, wakishindwa mpira unaenda kwa wale wengine. Ndio maana jaribio la nne mara nyingi wanaupiga teke mbali. Kurusha mbele kunaruhusiwa, mara moja kwa kila jaribio, na mrushaji, yule kwotabeki, lazima awe nyuma ya mstari walipoanzia. Mpira uliorushwa ukianguka chini hakuna noki-oni kama ya ragbi, jaribio limekufa tu, basi. Tachidauni ni pointi 6, na tofauti na trai ya ragbi huhitaji kuugusisha chini, ukivuka mstari na mpira mkononi yatosha, halafu kuna teke la pointi 1 au unajaribu kuingia tena upate 2. Fildi goli, yaani kuupiga teke mpira upite kati ya milingoti, ni 3. Na kwa mchezo wa vyuo mguu mmoja ndani ya mstari unatosha ukishika mpira, wale wa kulipwa wa NFL wanahitaji miwili. Kidole cha Cooper kilitosha kwa sababu ya hiyo sheria. Mengine utayashika ukiangalia, usijisumbue kuyasoma.

Jitengee pia mechi za vikombe vyao vya zamani, hata kama timu ziko chini. Iowa na Minnesota wanagombea nguruwe wa shaba anaitwa Floyd of Rosedale, na hadithi yake ilianza 1935 na nguruwe mzima mwenye uhai, dau la magavana wawili. Indiana na Purdue wanagombea ndoo ya kuchotea maji, tangu 1925. Na angalau mara moja tazama mechi ya nyumbani ya Iowa hadi mwisho wa kwota ya kwanza, yaani robo ya kwanza ya mchezo. Hospitali ya watoto imepakana na uwanja, na kwota ikiisha uwanja mzima, watu karibu elfu sabini, wachezaji na marefa pia, wanageuka wanapungia mkono watoto walio kwenye madirisha ya ghorofa ya juu. Walianza 2017. Mimi nikiiona sisemi na mtu kwa dakika kadhaa.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba usipange kitu. Michigan na Ohio State kwa kawaida huanza saa sita mchana, kwetu saa mbili usiku, kwa hivyo ugali na omena viwe vimeshaliwa. Hii mechi haijali nani ana msimu mzuri. Mwaka wa 2024 Ohio State walipoteza nyumbani 13 kwa 10, wakakosa fainali ya konferensi, na bado wakaja kuwa mabingwa wa nchi nzima Januari kwa kuwafunga Notre Dame 34 kwa 23.

Inawezekanaje? Timu mbili za juu kwa jedwali la Big Ten zinakutana Jumamosi ya kwanza ya Desemba Indianapolis, uwanja wa Lucas Oil, uleule wa Colts, timu ya NFL iliyomsajili Mkenya wetu wa ragbi Daniel Adongo mwaka wa 2013. Lakini pleyofu ya kitaifa, ule mchujo wa kumpata bingwa wa nchi nzima, tangu 2024 inachukua timu 12, na kamati ya watu 13 ndiyo inayopanga orodha, wanaitoa Jumanne kuanzia Novemba. Mabingwa wa konferensi kadhaa wana nafasi zao, waliobaki wanachaguliwa kwa kupimwa walimpiga nani na walipigwa na nani. Unaona sasa kazi ya lile daftari? Wewe na kamati mnasoma kitu kimoja. Mwaka wa 2025 Indiana na Ohio State hawakuwa wamekutana mwaka mzima, wote wakafika Indianapolis wakiwa na ushindi 12 bila kupoteza, Indiana wakashinda 13 kwa 10, na wote wawili bado wakaingia pleyofu.

Fainali ya nchi nzima ni Jumatatu usiku kwao, kwa hivyo kwetu ni Jumanne alfajiri saa tisa na nusu. Omba ruhusa ya kuchelewa kazini wiki moja kabla, chaji simu mapema jioni kwa sababu stima ya mtaa wetu haiaminiki, na bando nunua ya siku nzima. Tarehe 20 Januari 2026 nilikuwa kwa kiti cha plastiki na blanketi nikiangalia Indiana wakiwafunga Miami 27 kwa 21, mechi 16 wameshinda zote, taji lao la kwanza kabisa. Kulipokucha nikafungua daftari nikajaza kisanduku cha mwisho kwa kalamu nyekundu, maana uwanja ulikuwa wa nyumbani kwa Miami.