SOMO: Z yako uiuze au ubaki nayo? Soma kabla ya kuniuliza bei

Kila wiki naletewa picha ya Datsun 240Z (hiyo ndiyo Z, gari la michezo la zamani) iliyopigwa kutoka mbali, na chini yake maneno matatu: "Itauzwa ngapi, mkuu?" Picha haina bei. Fanya haya kwanza, kwa mpangilio huu.

1. Osha gari, hasa chini. Matope huficha mengi.

2. Linganisha namba. Ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Gari la usukani wa kulia huanza na HS30. Ya injini iko kwenye bloku, upande wa plagi, chini kidogo ya hedi. Zilinganishe na kibati kilicho ndani ya boneti, kisha na logibuku. Bloku ikisoma L28 badala ya L24, ambayo ndiyo injini ya asili ya 240Z, injini imebadilishwa. Litakimbia vizuri, pengine kuliko mwanzo, ila mkusanyaji wa magari ya zamani atapunguza bei.

3. Pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, kwa geji yake. Injini iwe ya moto, plagi zote sita nje, koili imechomolewa waya, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Piga stata mpaka mshale usimame, andika namba sita. Usilinganishe na za mwenzako: Nairobi iko juu, geji itasoma chini kuliko Mombasa. Angalia tofauti baina ya silinda. Iliyo chini kabisa isipitwe na iliyo juu kwa zaidi ya asilimia 15. Ikipitwa, tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, ni ringi za pistoni. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

4. Kutu. Hapa ndipo wengi tumeharibu, kwa sababu tulitazama rangi. Z haina fremu ya kujitegemea kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Toa zulia zote. Kagua chini ya betri (asidi hudondoka hapo miaka nenda rudi), sakafu, vizingiti vya milango, nyuma ya magurudumu ya mbele, na shimo la spea. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa chembamba; isiponata, chini ya rangi kuna pati, ile ya kuzibia mashimo ya bodi. Kisha lala chini utazame zile reli mbili zinazopita chini ya sakafu. Sakafu hukatwa ikachomelewa nyingine, si msiba. Reli zikiliwa hadi zinapokutana na sehemu ya injini, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Onyo: usiweke jeki kwenye reli usiyoiamini. Usichokoe kwa bisibisi karibu na bomba za breki na za petroli. Fundi asikate kizingiti kabla ya kufunga vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango. Bodi italegea na mlango hautafunga tena. Na lami mpya chini ya gari la zamani ni ya kutiliwa shaka mpaka ikwanguliwe.

5. Piga hesabu. Bei ya gari lilivyo leo upande mmoja, gharama ya kulitengeneza upande wa pili, kisha ongeza theluthi, maana kutu huonekana yote baada ya kukwangua. Reli nzima, namba zinalingana, una banda kavu na unaliendesha: baki nalo. Reli zimekwisha na huna fedha ya fundi bodi mzuri: uza lilivyo. Usipige rangi ili uuze. Mnunuzi anayejua ataogopa rangi mpya kuliko kutu anayoiona.

MASWALI

Swali: Ya 1972, iko poa tu. Bei?
Jibu: "Poa tu" si kipimo. Hatua ya 2.

Swali: Marehemu baba alisema ilikimbia Safari Rally. Niongeze bei?
Jibu: 240Z ilishinda mashindano hayo 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, tena 1973 na Shekhar Mehta, ndiyo maana kila Z ina hadithi hiyo. Tafuta logibuku ya kwanza, karatasi za mashindano, picha inayoonyesha namba ya usajili. Bila hivyo, uza gari, hadithi baki nayo.

Swali: Nimesoma, nimepima. Silinda ya 3 na ya 4 ziko chini, oili haikusaidia. Niuze?
Jibu: Hapana dada, na asante kwa kupima. Mbili zinazopakana zikishuka pamoja, mara nyingi gasketi imeungua katikati yao. Ni nafuu mno kuliko ringi. Ila hedi lazima itoke, na kabla ya kutoa gia ya kamshafti, bana mnyororo kwa kabari ya mbao. Tensiona (kikaza mnyororo) ikichomoka, utafungua kava lote la mbele.

Swali: Yangu imefunikwa turubai la plastiki Mombasa, ni sawa?
Jibu: Unaipika kwa mvuke wa chumvi. Tumia kitambaa kinachopumua, toa zulia, fungua vioo kidogo.

Swali: Nje ya mada: inakohoa nikikanyaga mafuta ghafla.
Jibu: Fungua vifuniko vya juu vya kabureta zote mbili, angalia oili ya dampa, yaani kizuizi cha pistoni ya kabureta. Mara nyingi imekauka. Weka SAE 20, usiweke oili ya gia.