Kutazama nyota mjini penye taa za LED
Taa nyeupe za LED, ambazo katika barabara nyingi zimechukua nafasi ya taa za sodiamu zenye rangi ya chungwa, hutoa mwanga mwingi wa buluu, na mwanga huo ndio unaotawanywa zaidi na hewa, hivyo anga hung'aa na nyota hafifu hupotea.

Chagua usiku usio na mbalamwezi. Simama mahali ambapo ukuta au mti unakukinga na taa, kisha subiri dakika 20 hadi 30 bila kutazama simu, kwa kuwa mng'ao wake wa sekunde chache tu huyarudisha macho nyuma baada ya kuanza kuzoea giza. Ukihitaji kusoma ramani, tumia tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu.

Ili kupima anga lako, jioni za Januari tafuta Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake lenyewe linatukumbusha kilimo. Penye giza, macho mazuri huona nyota 6 au zaidi. Mjini huenda ukaona kiwaa tu.

Usiharakishe kununua kichujio cha darubini cha kuzuia mwanga wa taa: vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya taa za sodiamu havisaidii sana, kwa sababu LED nyeupe hutoa mwanga wa rangi karibu zote. Ni afadhali fedha hiyo uitumie kwa taa ya uani iliyofunikwa juu, inayomulika chini tu, yenye kelvini 3000 au pungufu (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo, buluu hupungua).