Wiki ya mnazi: masomo matano, mada moja, darasa la tatu

Walimu wenzangu, mtoto wa darasa la tatu haoni ukuta kati ya Sayansi na Hisabati. Ukuta huo ni wa ratiba yetu. Wiki ya mada moja inamruhusu akitazame kitu kimoja pande zote.

Hatua ya 1: Chagua kitu kinachoshikika. "Mazingira" ni pana mno. Sisi wa Tanga, Bagamoyo na Mafia tuna mnazi. Ukiwa Kagera chukua mgomba, Dodoma mtama.

Hatua ya 2: Anza na muhtasari wa somo, si na mnazi. Fungua azimio la kazi (mpango wako wa kufundisha wiki kwa wiki), andika umahiri unaotakiwa wiki hiyo kwa kila somo, kisha tafuta mnazi unaingia wapi. Usipoingia, somo hilo lifundishwe kama kawaida. Kuhesabu picha za minazi ubaoni si kuunganisha masomo, ni pambo tu.

Hatua ya 3: Kila somo liulize swali lake.
Sayansi: kwa nini nazi yenye kumbi (ganda la nje) huelea? (Kumbi lina nyuzi na hewa nyingi, ndiyo maana bahari huipeleka ufukwe wa mbali ikaota.) Historia: mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulishonwa kwa kamba za usumba (nyuzi za kumbi) bila misumari. Sanaa: kusuka kuti, kufunga fagio la chelewa (vijiti vya kuti). Kiswahili: methali kama "Nazi mbovu harabu ya nzima". Hisabati inangoja hatua ya 4.

Hatua ya 4: Siku ya kukuna nazi. Omba vipindi viwili vifuatane, kwa sababu dakika 40 hazitoshi. Kila kundi lipate nazi moja iliyofuliwa (iliyotolewa kumbi). Wazungushe uzi kiunoni mwa nazi, kisha waupime kwa rula. Wachokoe macho matatu kwa kijiti: kwa kawaida moja tu hukubali, na hapo ndipo mche hutokea. Acha walibishanie kabla hujaeleza. Wamimine maji ya nazi kwenye jagi la vipimo na kusoma mililita.

Kuvunja ni kazi yako. Kwenye mbuzi ya kukunia mwite mzazi mzoefu, maana meno ya mbuzi hukata. Nazi iliyokunwa itiwe nusu lita ya maji ya vuguvugu, lakini kabla ya kukamua kila kundi liandike makisio: tui litazidi nusu lita au litapungua? Wapime, watoe tofauti. Tui likae hadi mchana. Tabaka zito lenye mafuta mengi litapanda juu kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji.

Kesho yake, kipindi cha Kiswahili, waandike hatua za kutengeneza tui wakitumia *kwanza, kisha, halafu, mwishowe*. Hapa ndipo utaona faida yenyewe: mtoto ambaye siku zote huandika mistari miwili anakuwa na la kusema.

Maswali ya walimu

*Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija, nimwoneshe andalio lipi la somo?*
Kila somo libaki na andalio lake na umahiri wake. Mnazi uonekane kwenye zana na shughuli. Upimaji pia ni wa somo: katika Hisabati unapima kusoma vipimo, si kuujua mnazi.

*Darasa langu lina watoto zaidi ya 90. Nazi nitatoa wapi?*
Nazi tano zinatosha. Panga vituo vitano: kupima uzi, macho, kuelea kwenye ndoo, kusuka, kusoma methali. Makundi yazunguke. Kukamua tui fanya mbele ya wote, wao wakikisia na kuandika.

*Mwalimu, mimi nafundisha Sayansi tu, na wenzangu wanasema hawana muda.*
Usiwaombe wiki nzima. Mfuate mwalimu wa Kiswahili peke yake, mwambie watoto watakuja kwake wakiwa tayari wamekamua tui, naye awape kipindi kimoja cha kuandika. Ukishapata madaftari hayo, yapeleke ofisini wenzako wayasome.