Spider-Man ya PlayStation: ipime mwenyewe kabla ya kutoa makuta yako Lubumbashi

Ukinunua PS4 ya okazyo (ya mkono wa pili), ukiacha gemu za mpira, jina utakalotajiwa mara nyingi ni Spider-Man. Ilipotoka tarehe 7 Septemba 2018 iliuza nakala milioni 3.3 kwa siku tatu za kwanza. Lakini mauzo hayakuambii kama itakufaa wewe mwenye televizyo ya inchi 32, umeme wa kukatikakatika na mega za intaneti za kuhesabu. Inafaa kushika maneti (kidhibiti cha mkononi) kwa saa moja, ukijua unachotafuta.

Jibu letu tunalitoa mapema: ile ya kwanza inastahili sifa zake, na sababu kubwa ni moja, namna Spider-Man anavyosafiri mjini. Mengine ni mazuri tu, na mengine yanachosha.

Jua kwanza ni ipi inayosifiwa

Watu husema "Spider-Man" wakichanganya gemu tatu za Insomniac Games ya California. Ya kwanza ni Marvel's Spider-Man ya 2018, ya PS4. Ya pili ni Miles Morales ya Novemba 2020, inayocheza PS4 na PS5. Ya tatu ni Marvel's Spider-Man 2 ya tarehe 20 Oktoba 2023, ambayo kwa upande wa konsoli ni ya PS5 peke yake. Muuzaji akikuambia anayo "Spider-Man 2 ya PS4", rudisha makuta mfukoni. Haipo.

Hadithi ya kwanza inachukua saa 17 hivi, na ukitaka kumaliza kila kitu hesabu 30 na zaidi. Miles Morales ni fupi, kama saa 8, kwa hiyo usikubali iuzwe bei ile ile. Ya tatu ni nzuri na inakwenda kasi zaidi, ila kununua PS5 kwa ajili yake peke yake, wakati hujagusa ile ya kwanza, ni kuharakisha bure.

Saa moja kwenye sali ya gemu

Usiende Jumapili alasiri. Wachezaji wa mpira wamejaa na maneti itaondoka mikononi mwako kila mechi ikiisha. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, umwambie yaya (kaka) anayeshika sali kwamba unalipa kwa saa, si kwa mechi. Mwombe pia akufungulie mtumiaji mpya kwenye konsoli, ili usije ukaandika juu ya mchezo wa mtu aliyefika mbali.

Chagua ugumu wa kati. Gemu inaanza na safari ya kwenda kwenye mnara wa Wilson Fisk, bosi wa majambazi, na humo ndimo unapofundishwa vitufe. Usihukumu chochote bado. Ukimaliza Fisk, mji unafunguka, na hapo ndipo kipimo kinapoanza.

Panda jengo refu, ruka, shika R2, kitufe cha nyuma ya maneti upande wa kulia. Utando unanasa kwenye jengo la kweli, mwili unashuka, unapita chini kama bembea, halafu unapanda. Achia R2 ukiwa chini kabisa: utakwenda mbele kwa kasi, lakini karibu na magari. Rudia, safari hii uachie mwili ukiwa umeshaanza kupanda, na bonyeza X papo hapo: unarushwa juu ya mapaa. Tofauti ya nusu sekunde kwenye kidole inabadilisha njia nzima. Kuanguka hakumuumizi, kwa hiyo jaribu bila hofu hata mara hamsini.

Halafu shika L2 (mwenzake wa kushoto) na R2 pamoja ukilenga ncha ya jengo au nguzo. Atajivuta hadi pale. Bonyeza X mguu unapogusa tu, naye ataruka mbele bila kupoteza kasi. Ukichelewa kidogo anachuchumaa na safari inakatika. Huo ndio mdundo wa gemu nzima: shika, achia, ruka, vuta, ruka.

Sasa ingia Central Park, bustani kubwa ya New York, mji wa gemu hii. Majengo yameisha, utando unanasa miti tu, unabembea chini chini na kasi inakufa. Ukitoka juu ya mto hakuna cha kunasa kabisa, unaishia majini. Angalia jambo hili vizuri, maana ndilo linalotofautisha gemu hii na zile ambazo utando unashika hewa. Mji wenyewe umekuwa sehemu ya mchezo, na mtaa wenye maghorofa unakwenda tofauti na mtaa wa nyumba fupi.

Kipimo cha mwisho cha safari: baada ya dakika ishirini za kubembea, ukipewa mahali pa kwenda mbali, je, unataka kwenda mwenyewe au unatafuta ramani ikufikishe haraka? Kama unatafuta ramani, gemu hii si yako, na hakuna sifa itakayobadilisha hilo.

Mapigano yape robo saa. Anayebonyeza kitufe cha mraba tu ataona gemu ni ya ovyo, na atauawa mapema. Shika mraba kwa muda: adui anarushwa hewani nawe unapanda naye, mbali na ngumi za wenzake. Pembetatu inakuvuta hadi kwa adui wa mbali. Mistari ikitokea kichwani mwa Spider-Man, bonyeza duara, kuna pigo linakuja. Mwenye ngao hapigiki kwa mbele. Bonyeza duara ukielekea kwake, utapita katikati ya miguu yake na kumpiga mgongoni. Yule mkubwa mwenye mwili wa pipa usimvute, mfunge kwanza kwa utando wa R1 (kitufe kilicho juu ya R2) mara kadhaa. Na adui akiwa karibu na ukuta, mjaze utando halafu mpige: anabandikwa pale pale na hainuki tena.

Kila pigo linajaza upau wa nguvu, na upau huo huo ndio dawa yako: mshale wa chini unakurudishia uhai. Ukijaa, pembetatu na duara pamoja zinammaliza adui mmoja kwa pigo moja. Wanaoanza huutumia wote kwa mapigo ya kupendeza, kisha wanakufa wakiwa hawana cha kujitibu.

Inapochosha

Haya hayaonyeshwi kwenye video za matangazo. Kuna sehemu ambapo unamwacha Spider-Man na kutembea kwa kunyata ukiwa Mary Jane, mpenzi wake wa zamani, au kijana Miles Morales. Kasi yote uliyoizoea inazimwa, ukionekana unarudi nyuma. Ni fupi, lakini zinarudi.

Uhalifu wa mitaani nao unajirudia: kila mtaa unakupa wizi ule ule, gari lile lile la kufukuza, mateka wale wale. Umewekwa hivyo kwa sababu suti mpya na vifaa vinanunuliwa kwa tokeni za aina mbalimbali, na kila kazi ya pembeni inatoa tokeni yake. Dawa yake ni kutokufagia ramani. Chukua mikoba 55 iliyofichwa unapopita tu, kwa sababu kila mmoja una kitu cha maisha ya Peter (jina halisi la Spider-Man) chenye maneno yake, halafu fanya uhalifu pale unapokosa tokeni ya suti unayoitaka kweli. Mafumbo ya nyaya za umeme yakikukera, kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuyaruka.

Diski na konsoli ya okazyo

Diski za PS4 hazina mpaka: iliyotoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa au Dubai itasoma kwenye konsoli yoyote. Vya kuangalia ni viwili. Kwanza lugha: Kiswahili hakimo, kwa hiyo geuza kasha usome kama Kifaransa kimeandikwa, kwa sauti na kwa maandishi. Pili nyongeza: sura tatu za The City That Never Sleeps za mwishoni mwa 2018 lazima zilingane na eneo la diski. Akaunti ya Marekani haitafungua nyongeza kwenye diski ya Ulaya. Na kama unauziwa toleo la Game of the Year la 2019 kwa bei ya juu, ujue nyongeza hizo zinakuja kwa namba ya kupakulia iliyo kwenye karatasi. Diski ya mkono wa pili mara nyingi namba yake imeshatumika, basi lipa bei ya diski ya kawaida. Bila nyongeza hadithi yenyewe inaisha kamili, na bila intaneti.

Inamisha diski kwenye mwanga. Nywele nyembamba za mikwaruzo hazidhuru. Mkwaruzo mweupe unaohisiwa na ukucha ni hatari, kwa sababu kwenye diski ya Blu-ray kama hii data imekaa karibu sana na uso wa chini. Usikubali isuguliwe kwa dawa ya meno kama CD za zamani, inaondoa ngozi ngumu ya kinga. Kisha iweke kwenye konsoli ya muuzaji na usubiri upau wa kunakili ufike mwisho. PS4 inaruhusu kuanza kucheza kabla haijamaliza, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: dakika kumi za mwanzo zinakwenda vizuri, nyumbani inakwama nusu.

Acha nafasi ya kutosha. Gemu inachukua giga 45 hivi, na wakati wa kuweka sasisho PS4 inahitaji karibu nafasi hiyo tena kwa muda. Maneti ijaribu kwa R2 hasa: kitufe kilichochoka kinaachia utando katikati ya bembea, ukadhani ni kosa lako. Ukinunua PS5 nyembamba, yenye kisoma diski cha kubandika, kumbuka kisoma hicho kinataka intaneti mara moja ili kiunganishwe na konsoli. Fanyia dukani.

Wenye kompyuta: ya kwanza ilifika huko Agosti 2022. Kiwango cha chini ni kadi ya picha ya GTX 950, RAM giga 8 na nafasi giga 75. Kwa picha nzuri weka GTX 1060 na RAM 16. Spider-Man 2 inataka giga 140, hesabu forfe yako ya intaneti kabla ya kuanza kupakua.

Sifa zilizoanguka

Kipimo hicho hicho kitumie kwa mashujaa wengine, na ongeza swali moja linalotuhusu sana hapa: je, inacheza bila intaneti? Suicide Squad ya Rocksteady, ya Februari 2024, ilidai mtandao hata ukicheza peke yako, hadi Desemba mwaka huo. Marvel's Avengers ya 2020 iliondolewa madukani tarehe 30 Septemba 2023. Batman: Arkham Knight ilitoka kwenye kompyuta Juni 2015 ikiwa mbovu hivi kwamba iliacha kuuzwa siku moja tu baadaye, ikarudi Oktoba. Zote zilitangazwa kwa sauti kubwa kabla mtu hajazishika. Subiri mwezi mmoja baada ya gemu kutoka, utazame mtu aliyekwisha kuicheza saa kumi akiendelea, si matangazo. Kwa mwenye PS3 au kompyuta ya zamani, Arkham City ya 2011 bado inapiga vizuri.

Delestaji

Delestaji ni umeme kukatwa kwa zamu, basi piga hesabu ya batri. PS4 nyembamba inakula wati 90 hivi, televizyo ya inchi 32 kama 50. Na hasara ya konvertisa (kigeuza umeme wa batri), weka 165. Batri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1200, ila batri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600: saa tatu na nusu, si zaidi. PS5 inafika wati 200, ikakupa saa mbili au chini ya hapo. Stabilizata ni lazima, kwa sababu umeme ukirudi ndipo unapoua mashine. Ukikatika, chomoa, usubiri dakika chache baada ya taa kuwaka.

Vumbi jekundu la kiangazi, Mei hadi Septemba, linaziba feni. Oktoba joto likija konsoli inanguruma na kujizima. Safisha kwa brashi laini kila mwezi, na usiiweke sakafuni.

Gemu inajihifadhi yenyewe, lakini alama ya kuhifadhi ikizunguka kwenye kona usizime. Saa ya delestaji ikikaribia, fungua menyu uhifadhi kwa mkono kwenye nafasi ya pili. Umeme ukikatika ghafla na PS4 ikakataa kufungua gemu, usikimbilie fundi. Zima kabisa. Shika kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili, sekunde saba hivi. Unganisha maneti kwa waya wa USB, bonyeza kitufe cha PS, kwenye orodha itakayotokea chagua namba 5, ya kujenga upya hifadhidata. Inaweza kuchukua dakika chache au saa nzima, na umeme usikatike humo katikati, basi ifanye ukiwa kwenye batri iliyojaa. Namba 6 na 7 usiziguse: zinafuta kila kitu, na saa zako zote za kubembea.