Ukishajaza Kulanti, Toa Upepo Kabla Hujaingia Barabarani

Nje kuna barafu, kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, umeibadilisha jana kwa mikono yako na imefika mstari wa juu, lakini hita inapuliza baridi. Ukikanyaga mafuta joto linakuja, ukisimama kwenye taa linapotea. Tega sikio nyuma ya dashibodi: utasikia mlio kama wa maji yanayomiminwa kwenye chupa. Kabla hujaagiza themostati mpya (vali inayofunguka kwa joto kuruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta) au pampu mpya, jua kwamba dalili hizo zikija mara tu baada ya kujaza kulanti, mara nyingi ni upepo, yaani hewa, uliobaki kwenye mfumo wa kupoza injini.

Wengi wetu huku ughaibuni tumejifunza kazi hizi kwa kulazimika, maana fundi analipwa kwa saa na gari ndilo linalotupeleka kazini alfajiri. Kubadilisha kulanti si kazi ngumu. Tatizo ni kwamba watu humimina, wakafunga kifuniko, wakaondoka.

Upepo hupanda juu. Kulanti inapoingia, hewa iliyokuwa mle ndani hukimbilia kwenye vilele: mpira wa juu wa rejeta (bomba lake la juu), kasha la themostati, na ile rejeta ndogo ya hita iliyojificha ndani ya dashibodi. Pampu imetengenezwa kusukuma maji, kwa hiyo ikikutana na hewa inazunguka bila kusukuma kitu. Themostati nayo hutegemea nta iliyo ndani yake, ambayo huyeyuka na kufungua njia joto likifika kwa kawaida kati ya nyuzi 82 na 95 za Selsiasi. Ikizungukwa na hewa badala ya kulanti ya moto, inachelewa kufunguka. Na sensa ya joto ikiwa imekaa kwenye hewa, mshale wa joto unaweza kutulia katikati huku hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: gari lenye upepo linaweza kuchemsha bila mshale kukuambia. Ukija kugundua, gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeshaungua au hedi ya alumini imeshapinda.

Anza na injini iliyopoa kabisa, iliyolala usiku kucha ikiwezekana. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo la karibu ba 1, na shinikizo hilo ndilo linalozuia kulanti isichemke hata ikipita nyuzi 100. Ukikifungua ikiwa ya moto, inachemka papo hapo na kukurukia usoni.

Kuhusu kulanti yenyewe, usiinunue kwa rangi. Nyekundu ya kampuni hii si lazima iwe sawa na nyekundu ya kampuni ile, na aina zisizopatana zikichanganyika zinaweza kuganda kama uji na kuziba njia nyembamba za rejeta. Soma kitabu cha gari, tafuta kiwango kilichotajwa humo, kisha linganisha na maandishi ya kwenye dumu. Angalia pia kama ni iliyokwisha kuchanganywa au ni nzito ya kuchanganya mwenyewe. Nusu kwa nusu na maji hustahimili baridi hadi karibu nyuzi -37. Usidhani ukiimimina bila maji ndiyo utakuwa salama zaidi, maana ikiwa peke yake huganda karibu na nyuzi -13. Maji matupu ndiyo hatari kabisa: yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo inapasua bloku ya injini. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyochujwa kwa mvuke, kwa sababu ya bomba mara nyingi huacha magamba ya chokaa ndani ya rejeta. Na kama ulisafisha mfumo kwa maji, kumbuka kuna lita kadhaa zilizobaki kwenye bloku. Zitapunguza nguvu ya mchanganyiko wako. Kipimo kidogo cha kulanti kitakuonyesha umesimama wapi.

Sasa kazi yenyewe. Weka gari mahali ambapo pua inainuka kidogo kuliko nyuma, kwenye mteremko au juu ya vipandio vya magurudumu, ili mdomo wa rejeta uwe ndiyo kilele na hewa itokee hapo. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu. Fanya kazi hii nje. Najua baridi inavyouma, na gereji iliyoungana na nyumba inavutia, lakini injini itanguruma kwa nusu saa au zaidi na moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu waliolala ndani. Kufungua mlango wa gereji pekee hakutoshi.

Geuza hita kwenye joto la mwisho, feni yake iwe ya chini. Kwenye magari mengi hilo hufungua njia ya kulanti kwenda rejeta ya hita. Mimina polepole, ukipumzika kila baada ya muda mapovu yapande. Ukimwaga kwa pupa unaifungia hewa chini. Kisha tafuta skrubu ya kutolea upepo. Magari mengi yanayo, kwenye kasha la themostati, kwenye mpira wa juu au pembeni ya rejeta. Ilegeze taratibu, hasa ikiwa ya plastiki, kwani hukatika kirahisi. Itatema hewa, kisha mapovu, kisha mchirizi uliotulia. Hapo ifunge, bila kuikaza kwa nguvu.

Washa injini kifuniko kikiwa wazi kama gari lako linajaziwa kwenye rejeta. Faneli inayokaza mdomoni na kubeba akiba ya kulanti inasaidia sana hapa, kwa kuwa kiwango kitapanda na kushuka. Acha injini ipate joto bila haraka, mara mojamoja uipandishe hadi mizunguko 2000 kwa dakika. Minyaminya mpira wa juu ukiwa umevaa glavu, mikono na nguo zikiwa mbali na feni, ambayo inaweza kuwaka wakati wowote. Kwa dakika kumi au ishirini utaona mapovu machache tu. Halafu themostati inafunguka: mpira wa juu unapata moto ghafla, kiwango kinashuka kwa mkupuo, na mapovu makubwa yanatoka. Ongeza. Watu wengi hukata tamaa kabla ya wakati huu, na ndipo kazi inapoharibika. Subiri feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili, mapovu yakome, na hita itoe moto hata injini ikiwa haijakanyagwa. Ndipo uzime, na kulanti ikitulia ufunge.

Hujamaliza. Zunguka karibu na nyumbani dakika kama 15, macho kwenye mshale na mkono mbele ya hita, kisha acha gari lilale. Asubuhi, likiwa baridi, angalia kiwango. Kushuka kidogo ni kawaida, kwa sababu hewa iliyobaki imetoka na kulanti imechukua nafasi yake. Jaza hadi kati ya alama ya chini na ya juu. Rudia asubuhi mbili tatu zinazofuata.

Si kila gari linakubali njia hii. Baadhi ya BMW zenye pampu ya umeme hutolewa upepo injini ikiwa imezimwa: swichi imewashwa, hita juu kabisa, feni chini, unakanyaga mafuta hadi mwisho kwa takriban sekunde 10, na pampu inazunguka yenyewe kwa dakika kama 12. Magari ya haibridi huwa na mzunguko wa pili wa kulanti kwa ajili ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota), na mengine hudai kompyuta ya fundi. Soma kitabu kwanza.

Kulanti ya zamani iweke kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke kituo cha taka hatari cha mji wako. Usiimwage kwenye mtaro. Ile ya ethilini glaikoli ina ladha tamu, na kiasi kidogo kinaweza kumuua paka au mbwa, na mtoto naye yuko hatarini. Kilichomwagika sakafuni kifute palepale.

Kama umerudia mara mbili na mapovu hayakomi, acha kumimina. Kulanti inayopungua bila kuvuja popote, moshi mweupe wenye harufu tamu, au mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, vyote vinaashiria kwamba gesi ya silinda inaingia kwenye kulanti. Kuna kipimo cha kimiminika cha bluu kinachoshikizwa mdomoni mwa rejeta. Kwenye injini ya petroli kikigeuka manjano, gasketi ya hedi imeshaachia. Gari hilo lisiendeshwe tena hadi hedi ifunguliwe. Livutwe hadi kwa fundi.