Bunduki ya sponji haipigi mbali? Springi iache kwanza, tafuta upepo unavujia wapi

Kila ikipita sikukuu mtaani watoto wote wana bunduki, wengine zile za soko la Darajani za plastiki jembamba, wenye bahati wana Nerf za mtumba, zile za kampuni zinazotupa risasi za sponji, na siku ya pili tu ishakuwa "mjomba yangu haipigi mbali, nitilie springi ngumu". Yakhe, springi iache kwanza. Hizi ninazosema mimi ni zile za kukoki kwa mkono, hazina betri wala nini, ndani mna pistoni na springi tu, ukifyatua pistoni inakwenda mbele inasukuma upepo na upepo ndo unaoitoa risasi. Sasa kama upepo unatokea pembeni hata utie springi ya pikipiki kazi bure, utakachopata ni kuvunja kile kijino cha plastiki kinachoishika pistoni.

Fungua kwa bisibisi ya nyota, ilaze ubavu, na kabla hujatoa kitu ndani piga picha kwa simu mana skrubu hazilingani urefu na kile kispringi cha triga kikiruka chini ya kochi ndo basi tena. Toa pistoni na silinda yake. Ziba tundu la mbele la silinda kwa kidole halafu sukuma pistoni kwa mkono: ikikurudisha kama pampu ya baskeli uliyoziba mdomo, nzima. Ikiingia ulaini tu mpaka mwisho, ugonjwa uko hapo.

Dawa yake ni oringi, ule mpira wa duara kwenye kichwa cha pistoni. Ukiwa umekatika tafuta mwengine kwa mafundi pikipiki au mafundi pampu, nenda na wa zamani mkononi mfananishe. Kama ni mzima ila umelegea, uvue, zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili tatu kwenye ule mfereji kisha urejeshe mpira juu yake, unanyanyuka kidogo na unabana. Usizidishe, ikibana sana pistoni inakwenda polepole na umerudi kule kule. Paka grisi ya silikoni, kidogo tu. Vaselini na grisi za gari hapana, zipo mipira zinaivimbisha, na mafuta ya nazi najua ndo yaliyo karibu jikoni lakini yanashika vumbi na mchanga. Springi nayo ifute na uipake, kwa chumvi hii ya pwani kutu haikawii.

Baadhi ya Nerf, hasa za zamani, kwenye mtutu zina kivali kidogo chenye springi kinachofunguka pale tu risasi inapokisukuma. Kinabana njia ya upepo, wengi wanakitoa na kweli nguvu inaongezeka. Lakini kazi yake ilikuwa kuizuia pistoni isigonge kwa kishindo ukifyatua bila risasi, kwa hiyo ukikitoa marufuku kufyatua tupu, na gundisha kipande chembamba cha kandambili mbele ya kichwa cha pistoni. Chembamba, milimita mbili hivi.

Mtutu watu wanakosea hapa. Risasi ina upana wa milimita 13 hivi, mtu anakwenda kununua bomba la "nusu inchi" la kufanyia mtutu mpya, akifika nyumbani risasi inapwaya, mana nusu inchi ya dukani mara nyingi si ya tundu la ndani. Beba risasi uende nayo dukani: ikikaa bila kuanguka ukiinamisha, na ukipuliza kwa nyuma inatoka, hilo ndo bomba. Na refu si sifa, upepo wa pistoni ndogo ukiisha risasi bado imo ndani inasuguana tu, anza refu kisha punguza kidogo kidogo huku unajaribu.

Springi sasa, kama bado huridhiki, tia ngumu kidogo tu kuliko ya mwanzo. Zile za kupampu zenye tanki ni hadithi nyengine: zina vali inayotoa upepo ukizidi, kuna watu wanaiziba, wewe usiizibe, tanki la plastiki likipasuka linapasukia usoni.

Nerf Elite ikitoka dukani inatupa kama mita 20 kwa sekunde, ukishaitengeneza inapita hapo, kwa hiyo miwani ya fundi kwa wote wanaocheza, usoni hapana, na usiwape wadogo wakaenda nayo Mnazi Mmoja kwenye msongamano. Ile ncha ya rangi ya chungwa usiipake nyeusi hata mtoto akilia, kwa mbali itaonekana silaha kweli.

Mwisho risasi zenyewe. Zilizobonyea zipitishe juu ya mvuke wa birika kidogo, sponji inajirudi, zilizopasuka mkiani tupa.